Sauti Zilizochorwa Katika Nta

Sisi wa Shinyanga na Geita nta tunaijua: ndiyo masalia ya masega asali ikishakamuliwa. Wachache wanajua kwamba nta, ingawa ile ilipikwa kiwandani, ilibeba sauti za ndugu zetu Wanyamwezi hadi Ulaya. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi yetu na fonografu, chombo kilichochora sauti juu ya silinda ya nta. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Berlin akachapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizonaswa kwa chombo cha namna hiyo.

Lakini nta, ndugu msikilizaji, ni dhaifu. Joto huilegeza, unyevu huiotesha ukungu unaotafuna michirizi ya sauti, na sindano huikwangua kila ipitapo. Kuisikiliza ni kuimaliza! Kinga yake ni chumba chenye ubaridi, kikavu, kutogusa uso wake kwa vidole, na kunakili mapema. Berlin walitengeneza kalibu za shaba; kazi hiyo iliiharibu nta yenyewe, kalibu zikabaki. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Basi nakala ziletwe pia huku. Bujora, Mwanza, ipo Makumbusho ya Wasukuma. Wajukuu wa waimbaji wasilazimike kupanda ndege kuwasikia babu zao.