Kiyeyushi Ndicho Kinachoamua

Kila nikiponda mchicha mbele ya wanafunzi wangu wa kemia, namkumbuka Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Warsaw mwanzoni mwa karne ya 20. Aligundua kwamba etha ya petroli hutoa karotini kwenye majani kwa urahisi, ilhali klorofili haibanduki mpaka utie alkoholi kidogo.

Kioo ninachotumia kutenganisha rangi hizo darasani nacho kina historia yake: mwaka 1938, mjini Kharkiv, watafiti Izmailov na Shraiber walipaka tabaka jembamba la alumina juu ya kioo, wakachunguza dawa za mimea kwa matone. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Egon Stahl akaiwekea njia hiyo utaratibu maalumu, akitumia unga laini wa silika.

Silika iliyo juu ya kioo changu ina polariti, nayo hung'ang'ania vitu vyenye polariti. Nikitumia heksani tupu, karotini hupanda, klorofili ikabaki palepale nilipoidondosha. Nikitumia asetoni tupu, rangi zote hukimbilia juu zikarundikana. Heksani sehemu saba kwa asetoni tatu huzitenganisha: manjano juu, kisha kijani-samawati, chini yake kijani-manjano. Mwanafunzi akilalamika kwamba madoa yamegandana, namwambia abadilishe mchanganyiko kabla ya kulaumu kioo.