Jiwe la Mpaka Lililoingia Baharini

Mwaka 1986 nilizika jiwe la mpaka Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kijijini kwetu. Wapimaji tunaliita bikoni: kipande cha bomba la chuma kilichosimamishwa katikati ya zege, kina namba yake, na namba hiyo imeandikwa kwenye ramani. Mbele ya jiwe lile kulikuwa na minazi saba, kisha mchanga mweupe, kisha diko la wavuvi, ndipo maji. Michoro niliyokabidhiwa na ofisi iliyonituma haikutaja umbali wowote wa kuiachia bahari. Babu yangu mzaa baba alikuja kunitazama nikifanya kazi. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo jiwe ukishalizika, bahari ikisogea nalo litasogea?" Nikamjibu kwamba jiwe la serikali halisogei. Alinyamaza, akashika fimbo yake akarudi nyumbani.

Babu hakuwa amesoma, lakini alikuwa na vipimo vyake. Watu wa Kunduchi ya zamani walijenga nyuma ya pale maji ya bamvua yanapofika wakati wa kusi, kusi likiwa limepamba moto. Kwetu, maji yakijaa sana na yakipwa sana, tofauti yake inakaribia mita 4, kwa hiyo mtu aliyeangalia bahari siku ya maji mafu tu alijidanganya. Mbele ya nyumba paliachwa diko: hapo ndipo ngalawa zilipopandishwa, nyavu zikaanikwa na samaki wakanadiwa. Diko halikuwa na hati wala mwenyewe. Ufukwe ukiliwa, diko lilirudi nyuma, na ukijaa mchanga, lilisogea mbele. Nyumba zenyewe zilikuwa za boriti za mikoko, udongo na makuti. Nimeona kwa macho yangu nyumba ya shangazi ikivunjwa asubuhi, boriti zikang'olewa moja moja, zikabebwa mabegani hatua mia moja kwenda bara na kusimamishwa upya kabla ya mwezi kwisha. Watu walioandika habari za pwani yetu wakaiita nyumba hiyo duni. Mimi naiona kuwa ilijengwa na mtu aliyeijua bahari.

Ukitaka kujua wazee wa kale zaidi waliweka wapi vitu walivyotaka vidumu, nenda kwenye magofu ya Kunduchi. Msikiti wa mawe na makaburi yenye nguzo, mengine ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa bakuli za kauri kutoka China, yako kati ya mibuyu, mbali na mawimbi. Vitu vya mawe viliwekwa ndani. Vya miti ndivyo vilivyosogezwa karibu na maji.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpangilio huo uligeuzwa. Nchi ilitaka watalii, na mtalii anataka kufungua mlango akanyage mchanga. Zikajengwa hoteli za saruji mbele kabisa ya ufukwe: Kunduchi Beach, Silversands, Bahari Beach, na Africana upande wa Mbezi. Nilipokuwa mtoto tulikwenda kuzitazama kama watu wanaotazama meli. Sisemi walikosea kujenga hoteli. Nasema waliweka mawe mahali ambapo babu zangu hawakuweka hata udongo, na waliweka wakati ule ule ambapo chakula cha ufukwe kilikuwa kinakatwa.

Hapa sina budi kueleza mchanga, kwa sababu watu wengi hudhani mchanga wa pwani umetolewa na bahari. Mchanga wetu mwingi ulishuka na mito. Tegeta, Mbezi na Mlalakuwa huanza kwenye vilima vya magharibi. Mvua za masika zikinyesha, mito hiyo hubeba mchanga hadi mdomoni. Kusi likivuma, mawimbi hupiga ufukwe kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi likivuma, sehemu yake hurudishwa kusini, ila si yote, kwa hiyo mwisho wa mwaka mchanga umehamia kaskazini na mito ndiyo inayojaza pengo. Ufukwe ni kama mtu anayekula na kutumia nguvu: mnyime chakula, ataendelea kutumia nguvu zake hadi akonde.

Jiji lilipokua, malori yaliingia mitoni. Nakumbuka kitanda cha Mto Tegeta wakati wa kiangazi: vijana vifua wazi, makoleo mikononi, lori likipakiwa kutoka chini na jingine likingoja zamu. Mchanga ule ulichanganywa na saruji ukawa tofali, ukapanda Sinza, Mikocheni, na Mbezi yenyewe. Marufuku zilitolewa, malori yakahamia usiku, nasi tulilala tukisikia injini. Baba mdogo alilisha watoto wanane kwa koleo. Siwezi kumhukumu, maana hakuna aliyempa kazi nyingine. Lakini kila tripu iliyopanda barabarani ilikuwa tripu ambayo haikufika baharini, na hesabu hiyo hakuna ofisi iliyoiandika.

Huko nje nako, miamba ya matumbawe inayovunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika ufukweni ilipigwa baruti na wavuvi haramu, na mingine ikavunjwa kwa nyundo ipelekwe kwenye matanuri ya chokaa. Mwaka 1975 visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini viliwekwa chini ya hifadhi ya bahari, lakini mlio wa baruti tuliendelea kuusikia miaka mingi baadaye.

Ufukwe ukaanza kukonda. Wenye hoteli wakajenga kuta za mawe zilizoingia baharini mtambuka na ufukwe, ambazo kwenye michoro yetu tuliziita groini. Niliwahi kupima ufukwe pande zote mbili za ukuta mmoja wa aina hiyo. Upande wa kusini mchanga ulikuwa umejaa hadi juu ya mawe. Upande wa kaskazini ukingo ulikuwa umekatwa wima kama mkate, na mizizi ya mnazi ilikuwa inaning'inia hewani. Jirani wa kaskazini naye alilazimika kujenga wake, na wa kaskazini yake vilevile. Soko la zamani la samaki la Kunduchi lilichukuliwa na bahari, na nyumba za watu pamoja nalo. Africana nayo ililiwa. Leo jina lake linapazwa na makonda wa daladala, na abiria wengi wachanga hawajui kwamba pale palikuwa na hoteli.

Sheria ilikuja baadaye. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni katika kundi la ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, ikakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuyaharibu mazingira ndani ya mita 60 hizo hizo. Nilifurahi kwa dhati niliposoma. Kisha nikatumwa kuipima, nikagundua ugumu wake. Mita 60 kutoka wapi? Ukingo wa leo si ukingo wa mwaka jana. Kiwanja chenye hati ya miaka ya nyuma kilikuwa mita 60 na ushei kilipopimwa, sasa kiko mita 20, na mwenyewe ana karatasi halali mkononi. Mstari wa sheria unatembea, mawe yangu yamesimama. Nimemweleza hivyo mkubwa wangu mmoja kazini zaidi ya mara moja. Alisema nipime kama ramani inavyosema.

Tulichokuwa nacho kabla ya ramani ni diko: ardhi ya wote, isiyojengwa, inayorudi nyuma pamoja na bahari. Kungekuwa na mpima ardhi wa kumsikiliza babu mwaka ule, kipande hicho kingechorwa kwenye ramani na kuandikwa jina lake, na hati zingeanzia nyuma yake. Mpima ardhi huyo nilikuwa mimi.

Mwaka jana, siku ya bamvua, maji yalipopwa sana nilishuka kulitafuta jiwe langu. Minazi saba haipo, wala visiki. Nilipiga hesabu kutoka kwenye kona ya ukuta mmoja uliosalia, nikatembea juu ya mchanga uliotota, nikalikuta limelala ubavu, zege limeota kome, namba haisomeki tena. Bomba bado limo. Kijana mmoja alikuwa amelifungia kamba ya ngalawa yake. Alinisalimia, "Shikamoo mzee," akaniomba nisogee kidogo, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kujaa na alitaka kuifungua.