Nyimbo za Watoto wa Ngara na Biharamulo katika Lugha Mbili

Mtoto wa Ngara huimbiwa kwanza kwa lugha ya mama yake, kisha hujifunza kuimba kwa Kiswahili. Mambo hayo mawili hukutana katika kinywa kimoja, lakini hayakutunzwa kwa namna moja: nyimbo za Kiswahili zimo vitabuni, na zile za nyumbani zimekaa vifuani mwa wazee. Twataka kueleza hapa jinsi lugha hizo zilivyokutana katika nyimbo za watoto, na kwa nini twaiogopea ile moja.

Yafaa kwanza msomaji aliye mgeni wa nchi hii ajue wenyeji wake. Katika Ngara wako Wahangaza na Washubi, ambao lugha zao zi karibu sana na Kirundi. Katika Biharamulo wako Wasubi na Wazinza, nao ni ndugu, kwa maana Rusubi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Buzinza hata ilipojitenga. Tena wako Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao. Washubi na Wasubi si watu wamoja, ingawa majina hayo ni mepesi kumpoteza mgeni.

Lugha za Ngara zina jambo ambalo Kiswahili kimeliacha, nalo ni sauti ya juu na ya chini igeuzayo maana. Katika Kirundi, ambacho Mhangaza hukisikia pasipo mkalimani, neno inda laweza kuwa tumbo, tena laweza kuwa chawa, kwa sauti tu. Basi mama abembelezaye mtoto hufuata sauti za maneno yake, na wimbo huzaliwa na maneno yenyewe. Lakini wimbo uliotungwa Ulaya una njia yake, haujali kama neno lataka kupanda au kushuka. Tulipokuwa wadogo tuliwaona wazee wakijizuia kucheka kanisani wakati wa wimbo uliofasiriwa, nasi tukadhani ni utovu wa adabu. Kumbe walisikia maneno mengine yasiyokuwamo kitabuni.

Kiswahili huvumilia zaidi. Mkazo wake hukaa katika silabi ya pili toka mwisho, wala hakina sauti za kugeuza maana, hata mtu aweza kukivika karibu sauti yo yote ya wimbo. Kwa hiyo mwaka 1968 Howard Olson, mwalimu wa Walutheri huko Makumira, aliweza kutoa kitabu Tumshangilieni Mungu, ambamo sauti za nyimbo za makabila mbalimbali ya nchi yetu zimetiwa maneno ya Kiswahili. Kazi hiyo twaisifu, kwa kuwa iliwapa Wakristo sauti walizozijua tangu utoto. Hata hivyo sauti iliendelea na safari, na maneno yaliyoizaa yakabaki nyuma nyumbani.

Watu wa pande zetu hawakuogopa kuimba lugha ya wengine. Uamsho ulipofika Katoke, katika Biharamulo, mwaka 1939, ulikuja na pambio la Kiganda, Tukutendereza, nalo likaimbwa na watu wasiojua Kiganda.

Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi. Hatutasema neno baya juu yake: mtoto wa Kisukuma na mtoto wa Kizinza wangechezaje pamoja pasipo Kiswahili? Lakini katika shule moja tuliyosoma, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya kwao alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenziwe. Twakiri ya kwamba nasi tulikivaa, na baadaye tulipokuwa walimu, kwa muda, tuliwavika wengine.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Siku ya 28 Aprili 1994 Wanyarwanda walianza kuvuka Rusumo, hata kwa muda wa siku moja wakaingia Ngara watu wapata 250,000. Wakakaa Benaco na makambi mengine, na watoto wao wakafundishwa kwa Kinyarwanda. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi likaanzisha Redio Kwizera hapo Ngara, na jina hilo maana yake ni tumaini. Redio hiyo ilisema Kiswahili, na Kirundi, na Kinyarwanda. Basi mtoto wa Kihangaza, ambaye shuleni lugha yake ilikuwa kosa, akaketi karibu na redio akasikia maneno yaliyo karibu kabisa na ya mama yake yakitangazwa kwa heshima sawa na Kiswahili. Ilikuwa faida iliyotoka katika msiba mkubwa, tena haikukusudiwa kwa ajili yake. Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole ya Warundi ilifungwa 2008.

Siku hizi watoto wenye runinga huimba pamoja na Ubongo Kids, kipindi kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2014 kwa Kiswahili. Na watengenezaji wake wametoa vipindi vya watoto kwa Kinyarwanda pia. Kwa Kihangaza hatujapata kusikia hata kimoja.

Walimu wengine husema ya kwamba lugha mbili humchanganya mtoto. Sisi tumeona kinyume chake katika kuhesabu. Tukiimba hesabu kwa lugha zote mbili, mtoto mwenyewe huvumbua ya kuwa gatatu ni tatu, kane ni nne, na gatanu ni tano; hucheka kama mtu aliyemkuta ndugu sokoni.

Mwaka jana tuliwaagiza wanafunzi wa darasa la nne walete kila mmoja wimbo wa nyumbani. Wengi walileta nyimbo za redioni. Msichana mmoja alileta wimbo wa kubembelezea, lakini baadhi ya maneno yake hakuyajua maana, wala mama yake hakuyajua. Tukamwendea bibi yake, naye akatufafanulia yote isipokuwa neno moja, ambalo yeye naye alilipokea hivyo hivyo kwa bibi yake. Tumeliandika kama alivyolitamka, pamoja na alama za sauti.