Kisima cha Masoud

Ukiitaja Aljeria kijiweni, kila mtu atakutajia mafuta. Mimi naomba nianze na mvinyo. Wakati wa ukoloni nchi hii ya Waislamu ilikuwa muuzaji mkubwa wa mvinyo nje kuliko nchi yoyote duniani. Mizabibu ilikuwa ya masetla, imepandwa kwenye ardhi waliyonyang'anywa wenyeji, na mzigo karibu wote ulikwenda Ufaransa. Fikiria mtu anapalilia mmea ambao kinywaji chake dini inamkataza! Hilo ni shamba la bwana, siyo uchumi wa nchi.

Halafu mwaka 1956, vita vya ukombozi vikiwa vimeshapamba moto, Wafaransa wakagundua mafuta Hassi Messaoud, ndani kabisa ya Sahara. Hassi ni kisima. Messaoud ni Masoud huyuhuyu wa mtaani kwetu, mtu mwenye bahati. Mwaka huohuo gesi nayo ikapatikana Hassi R'Mel. Basi bahati ikageuka balaa, maana Paris ilitaka kuimega Sahara ibaki ya Ufaransa. FLN wakakataa katakata, na mimi naona hiyo ni sababu mojawapo ya vita kuburuzwa mpaka 1962. Hata uhuru ulipopatikana, Mkataba wa Evian uliziachia kampuni za Kifaransa haki zao visimani. Yaani, bendera yenu, mafuta yetu.

Waaljeria hawakukaa kimya. Tarehe 31 Desemba 1963 wakaunda shirika lao, Sonatrach. Mwaka 1964 kiwanda cha Arzew, pwani ya Mediterania, kikaanza kupoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ikifika hapo inakuwa kimiminika, ujazo wake unapungua kama mara 600, ndipo inapakiwa melini. Shehena zile kwenda Uingereza zilifungua biashara hiyo duniani. Mtaji mwingi ulikuwa wa wageni, sawa, lakini kwa nchi yenye uhuru wa miaka miwili si mchezo.

Siku kubwa ilikuwa 24 Februari 1971. Rais Houari Boumédiène alisimama mbele ya viongozi wa wafanyakazi akatangaza: asilimia 51 ya kampuni za mafuta za Kifaransa, pamoja na gesi yote na mabomba yote, ni mali ya taifa. Miaka miwili baadaye bei ya mafuta ikapaa, na kufikia mwanzo wa 1974 ilikuwa imepanda karibu mara nne. Pesa ikamwagika.

Sasa hapa ndipo penye utamu, na uchungu. Boumédiène hakutaka mafuta kwa ajili ya mafuta. Aliyataka yanunue viwanda, na viwanda hivyo vizae viwanda vingine. Pale El Hadjar, karibu na Annaba, palisimamishwa matanuru ya chuma. Madini yaliletwa kwa reli kutoka Ouenza. Rouiba wakaunda malori, Constantine wakaunda matrekta. Mimi siwacheki kwa ndoto hiyo, hata kidogo. Nani hakuota hivyo miaka ile?

Lakini mitambo ilinunuliwa nje, mingine kwa mkopo, na mkopo ukalipwa kwa mafuta. Viwanda vingi vikafanya kazi chini ya uwezo wake. Kilimo kikapewa makombo, ngano ikazidi kuagizwa kwa meli, nayo ikalipiwa na nini? Mafuta hayohayo. Mtoto aliyezaliwa ili amsaidie mama akabaki ananyonya. Na watu walikuwa wanaongezeka: kama milioni 12 mwaka 1966, milioni 23 mwaka 1987. Nyumba hazikuongezeka hivyo.

Mwaka 1986 bei ikaporomoka. Serikali ikakata matumizi, bidhaa zikaadimika, ajira zikakauka. Ni katika miaka hiyo vijana wa Algiers walipata jina ambalo wewe na mimi hatuhitaji kutafsiriwa: hittistes, kutokana na neno lao la ukuta. Ni wale wanaoegemea ukuta kutwa nzima. Tarehe 5 Oktoba 1988 waliachana na ukuta wakaingia barabarani, wakavamia maduka ya serikali na ofisi za chama. Jeshi likapiga risasi. Walikufa mamia, wengi vijana wa rika letu. Chama kimoja kikaisha nguvu mwaka uliofuata, uchaguzi ukavunjwa Januari 1992, na kilichofuata ni miaka ya damu. Katikati ya damu hiyo, mwaka 1994, IMF nao wakaingia na masharti yao. Mashirika mengi ya umma yakafungwa.

El Hadjar yenyewe iliuzwa kwa mwekezaji wa nje mwaka 2001, ikarudi mikononi mwa serikali miaka ya 2010. Gesi bado inavuka chini ya bahari kwenda Italia, na baada ya vita vya Ukraine kuwaka mwaka 2022 Ulaya iliibembeleza Aljeria iongeze. Kwa miaka mingi mafuta na gesi yamekuwa kama asilimia 90 ya kila inachouza nje.

Machi 2013 maelfu ya vijana wasio na kazi waliandamana Ouargla, mji mkubwa ulio karibu na Hassi Messaoud. Walikuwa wanadai kazi katika kampuni za mafuta. Watu wa kisimani hao.