Kutoka Mbalizi hadi Ukara: Gridi Ndogo na Swali la Matunzo

Anayedhani gridi ndogo zililetwa nchini na paneli za sola, na aelekee Mbalizi, mwendo mfupi kutoka Iyunga. Huko, katika miaka ya 1950, mtambo wa maji wa kilowati 340 ulizalisha umeme. Tosamaganga, Iringa, ulitangulia mwaka 1951 ukiwa na megawati 1.22. Kila mji ulikuwa kisiwa cha umeme wake.

Kidatu ikaanza kuzalisha mwaka 1975, na baadaye njia ya kilovolti 220 ikapanda kupitia Iringa na Mufindi hadi Mbeya. Mitambo midogo ikapoteza heshima. Lakini ukame wa 2006 ulipopunguza maji mabwawani, Mbeya iligawana giza na Dar es Salaam.

Wakati huo kijiji cha Matembwe, Njombe, kilikuwa na mtambo wake mdogo wa maji tangu miaka ya 1980, chini ya kampuni ya kijiji. Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo: kulikuwa na mtu wa kuulizwa taa zikizimika.

Gridi za sola zimerithi swali hilohilo kwa ukali zaidi. Paneli hudumu miaka zaidi ya ishirini. Betri za risasi na asidi huchoka baada ya michache tu, na za lithiamu, ingawa huishi zaidi, nazo hufikia ukomo. Aidha, kwetu mawingu hutanda kati ya Novemba na Aprili. Betri iliyopimwa kwa jua la Agosti itaumbuka Januari. (Bahati njema, mito yetu hujaa majira hayohayo, ajabu ni kwamba maji na jua hupangwa kana kwamba ni wapinzani.)

Kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, gridi ya sola na betri ilianza mwaka 2016. Bei yake ilikuwa mara nyingi ya ile ya TANESCO, na mwaka 2020 Serikali iliagiza gridi kama hizo zitoze shilingi 100 kwa uniti. Haki iko wazi: kwa nini mvuvi alipe zaidi ya mkazi wa Oysterbay? Ila TANESCO hufidia wanyonge kwa fedha za wateja wakubwa. Gridi ya kisiwa haina wateja hao. Basi Wakala wa Nishati Vijijini, uliozaliwa na sheria ya 2005, utuonyeshe katika bajeti yake fungu la betri za mwaka wa kumi.