Makaburi ya Shanga

Sisi Waislamu wa huku Migwani tumezoea kuambiwa, saa nyingine na jamaa zetu wenyewe, kwamba tumeiga dini ya Waarabu iliyokuja juzijuzi tu. Basi hebu twende Shanga, kisiwani Pate, kule Lamu.

Kuanzia 1980 mtaalamu Mark Horton na wenzake walichimba magofu ya mji huo. Chini ya Msikiti wa Ijumaa, wa mawe, uliojengwa kama mwaka 1000, walikuta misikiti midogo ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, mpaka karne ya 8. Ule wa zamani kabisa haukuelekea Kibla sawasawa. Waliokuja baadaye wakarekebisha. (Hata leo kuna misikiti ambayo safu zake zimepinda, tusiwacheke.)

Lakini kilichonigusa mimi ni makaburi ya Kiislamu ya zama zile za msikiti wa miti. Maiti wamelazwa wakielekea Makka, vile tunavyowazika wazee wetu hapa. Na nyumba za mji zilikuwa za miti na udongo, vyungu vyao vya kienyeji.

Mwaka 2023 ulitoka uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa pwani, wakiwemo wa Mtwapa, Manda na Kilwa. Upande wa mama wengi ni Waafrika, upande wa baba wengi Waajemi. Ila kuchanganyika huko kulianza kama mwaka 1000. Shanga walikuwa wameshazikana Kiislamu yapata miaka 200 kabla.