MATE YA MBWA: HISTORIA AMBAYO KILA MZAZI WA MATOMBO ANAPASWA KUIJUA



Ndugu yangu msomaji, somo la leo ni refu kidogo. Lisome taratibu, na ukiwa na haraka lihifadhi ulisome usiku watoto wakishalala. Nalielekeza kwanza kwa watu wa Matombo, Mkuyuni, Mvuha, Kisaki na vijiji vyote vya Uluguru, kwa sababu huko mbwa si pambo. Mbwa analinda shamba la mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori, analinda migomba na mbuzi. Anaishi na sisi, watoto wanacheza naye. Basi tujue anachobeba mdomoni.

Waislamu wengi tukitajiwa mate ya mbwa tunakumbuka jambo moja tu: chombo kioshwe mara saba. Hilo ni sahihi, na tutalizungumza. Lakini jiulize: tumefundishwa vizuri namna ya kuosha sufuria, je, tumefundishwa namna ya kuosha mguu wa mtoto aliyeng'atwa? Hapo ndipo watu wanapofia.

1. WATU WA KALE WALIJUA NINI?

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ni mkongwe kuliko vitabu vingi unavyovijua. Katika mji wa Eshnunna, nchi ya Iraki ya leo, takribani miaka 3,800 iliyopita, kulikuwa na sheria iliyosema kuwa mwenye mbwa mwenye kichaa akishaonywa na wakubwa wa mji, kisha asimfungie, na mbwa yule akamng'ata mtu akafa, basi mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Zingatia: miaka elfu kadhaa kabla ya hadubini, watu walishajua kuwa kung'atwa na mbwa yule kunaua, na walishajua kuwa mwenye mbwa ana dhamana.

Warumi nao, katika karne ya kwanza, walikuwa na mwandishi wa tiba aitwaye Celsus. Aliagiza sumu itolewe kwenye jeraha na jeraha lichomwe kwa moto. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, alishauri atupwe ghafla kwenye dimbwi. La kwanza lilikuwa na maana, la pili halikumponya mtu.

Kisha wakaja matabibu wa Kiislamu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake Al-Qanun juu ya mbwa mwenye kichaa, jeraha lake, na ile hali ya mgonjwa kuogopa maji. Kitabu hicho kilisomeshwa karne nyingi Mashariki na Ulaya. Lakini naye, kama waliomtangulia, hakuwa na dawa ya kumrudisha mtu aliyekwisha kuanza kuogopa maji. Na mpaka leo hii, ndugu yangu, hali ni hiyo hiyo: dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Watu waliopona duniani kote ni wa kuhesabika.

2. MATE YALIVYOTHIBITISHWA

Kwa muda mrefu watu walibishana: je, ni meno ya mbwa, ni hasira yake, ni jua kali, au ni mate? Mwaka 1804 daktari wa Kijerumani, Georg Gottfried Zinke, alichukua mate ya mbwa mwenye kichaa akayaingiza kwenye jeraha la mbwa mwenye afya. Mbwa yule akaugua. Swali likawa limejibiwa: ugonjwa unasafiri ndani ya mate.

Leo tunajua zaidi. Ni virusi. Vinaingia kwenye jeraha, vinashika mishipa ya fahamu, vinapanda polepole kuelekea ubongo. Vikifika ubongoni, vinashuka tena hadi kwenye tezi za mate, ili mnyama yule akimng'ata mwingine safari ianze upya. Safari ya kwenda ubongoni huchukua mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, lakini inaweza kuwa wiki chache au hata zaidi ya mwaka. Ndiyo maana mtoto anaweza kung'atwa wakati wa masika, kidonda kikapona kabisa, mkasahau, kisha akaugua wakati wa mavuno.

Kucheleweshwa huko ni rehema ya Allah. Ni nafasi aliyotuachia tuwahi.

3. CHANJO ILIPOPATIKANA

Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, mama mmoja kutoka Alsace alimpeleka mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, kwa Louis Pasteur. Mtoto alikuwa ameng'atwa sehemu nyingi siku mbili kabla. Pasteur alikuwa akitengeneza chanjo kwa uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, uliokaushwa mpaka virusi vikadhoofika. Mtoto alichomwa sindano 13 kwa siku kadhaa. Hakuugua. Alikua mtu mzima na kufanya kazi katika taasisi yenye jina la Pasteur.

Chanjo za zamani zilitengenezwa kwa ubongo na mishipa ya wanyama, zilikuwa sindano nyingi, na nyingi zilichomwa tumboni. Hofu ile imebaki vinywani mwa wazee mpaka leo: "Ukienda hospitali utachomwa sindano za kitovu." Mzee wangu, hayo yamepita. Chanjo ya sasa ni sindano chache, mtu mzima huchomwa mkononi, kwa siku zilizopangwa.

Na ujue kuwa katika mabadiliko hayo nchi ya Waislamu ilikuwa na mchango mkubwa. Mwaka 1954 huko Iran mbwa mwitu mwenye kichaa aliingia kijijini akawang'ata watu 29. Wataalamu wa Taasisi ya Pasteur ya Iran waliwatibu. Miongoni mwa waliojeruhiwa kichwani, 5 walipata chanjo peke yake na 3 kati yao wakafa. 13 walipata chanjo pamoja na ile dawa ya kinga ya haraka, akafa 1 tu. Tangu hapo dunia ikajua kuwa jeraha kubwa linahitaji vyote viwili. Kisha mwaka 1976 daktari Mahmoud Bahmanyar na wenzake wakatangaza matokeo ya chanjo mpya waliyowapa watu 45 waliong'atwa na wanyama wenye kichaa. Hakufa hata mmoja.

4. TANZANIA YETU

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakifanya kazi nchini mwetu walichapisha hesabu iliyowashtua wengi. Walikadiria kuwa kichaa cha mbwa kinaua watu takribani 1,500 kwa mwaka Tanzania. Vifo vilivyokuwa vikiandikwa rasmi? Wastani wake haukufika 11 kwa mwaka. Fikiri tofauti hiyo. Hao wengine wote walikufa wapi?

Wengi katika hali hii hufia majumbani. Na hapa naomba nizungumze na masheikh na maustadhi wenzangu. Mgonjwa anayeshtuka akiletewa kikombe cha maji, anayetokwa na mate, anayepiga kelele na kuona vitu, mara ngapi ameitwa mwenye jini au aliyerogwa? Kisomo ni haki, dua ni silaha ya muumini, usiiache. Lakini kabla hujafungua mdomo kusoma, uliza: "Je, aliwahi kung'atwa au kukwaruzwa na mbwa miezi iliyopita?" Swali hilo moja linaweza kuokoa wengine waliong'atwa na mbwa yule yule ambao bado wako wazima. Na wanaomuuguza, kama mate yake yamewaingia kwenye kidonda, machoni au mdomoni, nao waende hospitali.

Kuanzia mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani pamoja na serikali yetu waliendesha mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa nchi, katika wilaya 28, mkoa wetu wa Morogoro ukiwemo, pamoja na kisiwa cha Pemba. Pemba ugonjwa ulimalizika mwaka 2014. Kisha mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, na kufikia 2018 ukaondolewa tena. Somo la Pemba ni hili: inawezekana, lakini ukilala unarudi. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Na sisi wa bara tuna mtihani zaidi, kwa kuwa hata mbweha wa porini wameonekana kuubeba huko kusini mashariki.

5. JE, HADITHI YA KUOSHA MARA SABA?

Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara saba, ya kwanza kwa udongo. Wanazuoni wametofautiana katika ufafanuzi. Mashafii, ambao ndio wengi pwani yetu, wanamhesabu mbwa mzima kuwa najisi nzito. Mahanafi wanasema najisi ni mate yake, si manyoya. Mamaliki wanasema mbwa ni twahara, na kuosha ni ibada tu.

Utakutana na ujumbe unaosema kuwa udongo una dawa inayoua virusi vya kichaa. Ndugu yangu, usiusambaze jambo usilo na ushahidi nalo. Tunatii kwa sababu ameamrisha Mtume (s.a.w.), hatuhitaji kuitungia Sunna uongo ili ipendeze.

Na muhimu zaidi: udongo ni wa chombo. USIPAKE UDONGO KWENYE JERAHA. Udongo kwenye jeraha huleta pepopunda. Wapo wanazuoni waliosema sabuni hukaa mahali pa udongo, hasa pale udongo unapodhuru. Dini iliyomruhusu mgonjwa kutayamamu badala ya maji yanayomdhuru haiwezi kukuamuru umuue mwanao kwa matope.

6. HATARI IKO WAPI, NA HAIKO WAPI

Mbwa akikulamba kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko, hukupata kichaa. Osha, fuata madhehebu yako, endelea na safari. Hatari ni mate kuingia kwenye jeraha, mkwaruzo, macho, pua au mdomo. Hata mkwaruzo mdogo usiotoa damu usiudharau.

Tena mate ya mbwa hubeba vijidudu vingine vinavyoozesha jeraha au kuingia kwenye damu, hasa kwa wasio na bandama na wenye kinga dhaifu. Na mbwa anayekula matumbo ya mifugo iliyochinjwa hupata minyoo. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi, na yeye hujilamba kisha akamlamba mtoto. Kwa binadamu mayai hayo hufanya uvimbe wenye maji ndani ya ini au mapafu. Turukana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizoteseka zaidi duniani kwa ugonjwa huo. Basi siku ya kuchinja, Idi au arusi, matumbo yenye uvimbe usimtupie mbwa. Yafukie.

7. MTOTO AKING'ATWA, FANYA HIVI

Kwanza: osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usingoje baba arudi shamba. Matombo maji ya mlimani hayatushindi.

Pili: usipake pilipili, mkaa, mafuta ya taa wala majani. Usilifunge jeraha likabana.

Tatu: siku hiyo hiyo nenda kituo cha afya kilicho karibu, uulize chanjo. Wakisema haipo, uliza iko wapi, na teremka Morogoro mjini. Najua barabara wakati wa mvua, najua nauli, na najua dawa hii ina gharama. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la jamaa nzima: wajomba, shangazi, msikiti, kikundi cha kufa na kuzikana. Tunachangishana sanda, tuchangishane na chanjo, ili sanda isihitajike.

Nne: kamilisha sindano zote. Ukiacha katikati umeacha mlango wazi.

Tano: mbwa kama anajulikana, mfungie na uwaambie wataalamu wa mifugo. Akiwa hai na mzima baada ya siku 10, hakuwa na virusi mateni siku ile. Lakini usingoje siku 10 ndipo uende hospitali.

8. NENO LA MWISHO

Baadhi yenu mtasema, basi tuwaue mbwa wote. La. Allah ametuhalalishia mbwa wa kuwinda katika Suratul Maida, akamtaja mbwa wa watu wa Pangoni, na Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kuwaua ovyo hakujamaliza ugonjwa huu, kuwachanja kumemaliza. Siku wataalamu wa mifugo wakitangaza chanjo, mpeleke mbwa wako, mfunge kamba umpe kijana amshike. Imamu atangaze baada ya swala, na padri naye atangaze kwa watu wake, kwa kuwa mbwa haulizi dini ya mguu anaoung'ata.

Watu wa Eshnunna walimtoza fedha mwenye mbwa aliyeonywa akapuuza. Wewe leo umeshaonywa. Kesho mbele ya Allah hutaulizwa shekeli, utaulizwa amana.

Allah awalinde watoto wetu, awape shifaa wagonjwa wetu, na awarehemu waliotangulia kwa ugonjwa huu bila sisi kujua. Aamin.

Msomee jirani asiyejua kusoma. Wallahu a'lam.